Kuumba na Kugeuka: Maneno Mawili katika Ugomvi wa Mwanzo wa Mtu

Kwa waalimu na mapadre wafundishao katika pwani ya kusini, toka Mikindani na Mtwara hata Msimbati na vinywa vya mto Ruvuma, na huko juu katika uwanda wa Newala, hakuna swali la elimu lirudilo mara nyingi kama hili: je, Mkristo aweza kumwamini Mungu aliye Muumba wa vyote, na papo hapo kukubali yale wasemayo wataalamu juu ya kubadilika kwa viumbe tangu zamani za kale? Swali haliletwi na wazee. Laletwa na watoto waliokwisha kuingia kidato cha kwanza. Binti mmoja wa mafundisho ya kipaimara alimwendea mwalimu wake, akamwamkia, kisha akamwambia, "Mwalimu, kesho tuna mtihani. Je, niandike la kitabuni, na Jumapili niseme la kanisani?" Mwalimu akamjibu, "Ndivyo, mwanangu, fanya vivyo hivyo." Binti akaenda zake ameridhika, na katika mtihani alipata alama nzuri.

Jibu hilo ndilo lililonishikisha kalamu. Mwalimu yule ni mtu mwema, wala hakukusudia ubaya. Lakini alimfundisha mtoto kuwa na vinywa viwili, na mtoto mwenye vinywa viwili hukua akidhani ya kuwa mambo ya imani husemwa tu, hayahitaji kuwa kweli. Hasara hii ni kubwa kuliko kumpoteza mwanafunzi mmoja aendaye kwa wasioamini, maana huyu tunabaki naye kanisani.

Na tuanze na kitabu cha shule. Katika muhtasari wa Historia uliotumika miaka mingi katika Tanzania, somo la mwanzo wa mtu lilipangwa hivi: kwanza "nadharia ya uumbaji", halafu "nadharia ya mageuko", na mwanafunzi akatakiwa azieleze zote mbili, kama mtu aelezaye njia mbili za kwenda Lindi. Mpango huu waonekana kuwa wa haki, kwa kuwa haumwudhi mtu. Nami nauona kuwa una kosa kubwa kuliko kosa la kuchagua upande. Kuumba si nadharia ya aina moja na ile ya Darwin. Mtu akiuliza, "Chungu hiki kimetoka wapi?", mmoja atajibu, "Kimetoka kwa mama Fulani, alikifinyanga ili apikie," na mwingine atajibu, "Kimetoka katika udongo wa bondeni, ukatwangwa, ukalowekwa, ukakaushwa, ukachomwa." Hakuna mwenye akili atakayewaambia wawili hawa wapigane hata mmoja ashinde. Kitabu kimewapiganisha, kisha kikampa mtoto alama kwa kutazama pigano.

Lakini sisi nasi wa upande wa kanisa hatuna haki ya kucheka. Nimesikia mahubiri mengi juu ya jambo hili, na karibu yote yalijengwa juu ya neno moja, *kugeuka*. Na neno hili, kwa masikio ya watu wa kusini, ni neno la hatari.

Msomaji wa mbali hana budi kujua jinsi neno hilo lisikiwavyo hapa. Tangu mwaka 1990 hata 2004 simba waliwaua watu zaidi ya 560 katika Tanzania, na misiba mingi ilikuwa katika mikoa ya kusini, Lindi na Mtwara. Katika vijiji vyetu, kama ilivyo kwa ndugu zao walio ng'ambo ya Ruvuma katika uwanda wa Mueda, wako watu wengi wasadikio ya kwamba simba wengine si simba wa porini. Ni watu waliogeuka, au ni simba waliotengenezwa na watu kwa uchawi. Wamekwisha kupigwa watu, na wengine wameuawa, kwa kutuhumiwa tu kwamba waligeuka. Basi mwalimu asimamapo mbele ya darasa na kusema, "Wataalamu wasema nyani aligeuka akawa mtu," mtoto hasikii habari ya elimu. Asikia uchawi, uliopinduliwa kinyumenyume: usiku mmoja, mnyama mmoja, mwili mmoja ukabadilishwa na mwingine. Akikataa, amekataa jambo ambalo Darwin hakulisema kamwe. Akikubali, amekubali jambo baya zaidi.

Elimu yenyewe haisemi habari ya mnyama yeyote kugeuka. Yasema habari ya vizazi. Watoto hawafanani sawasawa na wazazi wao. Tofauti nyingine huwafaa katika nchi wanayokaa, nyingine haziwafai. Wale waliofaliwa huzaa zaidi. Na tofauti ndogo, zikiongezwa juu ya tofauti ndogo kwa vizazi maelfu na maelfu, huwa tofauti kubwa. Hakuna mama aliyezaa mtoto wa jamii nyingine. Mkulima wa muhogo aichaguaye mbegu yake mwaka kwa mwaka ajua nusu ya habari hii pasipo kufundishwa.

Tena neno *nyani*. Nyani ni yule aibaye mahindi na muhogo shambani, afukuzwaye na watoto kwa mawe na makelele. Kumwambia mtoto ya kuwa huyo ndiye babu yake ni tusi, na tusi hilo halimo katika elimu. Wataalamu wasema ya kuwa mtu na sokwe wana wazee wa pamoja walioishi zamani sana, wala si nyani wala si sokwe tuwaonao leo. Lugha yetu ina maneno mengi ya ukoo, na yangetosha kabisa: sokwe si babu, ni mtoto wa mjomba wa mbali mno. Sijui kwa nini waandishi wa vitabu waliacha hazina hii wakaenda kuokota neno la matusi.

Sasa na tuyatazame maneno yetu wenyewe, yaani ya Maandiko. Kitabu cha Mwanzo ndicho kilichokuwa cha kwanza kujaribiwa katika Kiswahili. Krapf alianza kukitafsiri Mombasa mwezi wa Juni 1844, akisaidiwa na kadhi wa mji ule. Tangu siku hizo neno *kuumba* limekuwa neno la kazi ya Mungu peke yake, hata leo mtu akisema "nimeumba" twamwona kama anakufuru. Lakini halikuwa hivyo katika asili yake. Katika lugha nyingi zilizo ndugu za Kiswahili neno hili ni la mfinyanzi. Mnyanja wa ziwani asema *kuumba* kwa kazi ya kufanya mitungi. Na Wayao, ambao ni wengi katika Masasi na Tunduru, wana *kugumba*, ambalo ni la mfinyanzi na la Mungu pia.

Katika Kiebrania yako maneno zaidi ya moja. *Bara* hutumika kwa Mungu tu, nalo ndilo la mstari wa kwanza. *Yatsar*, katika sura ya pili mstari wa saba, ni neno la mfinyanzi. Ndilo litoalo jina la yule mfinyanzi ambaye Yeremia, katika sura ya 18, aliiendea nyumba yake. Tafsiri ya Muungano, iliyotoka nzima mwaka 1952, imetia *kuumba* mahali pa *bara*, na mahali pa *yatsar* imetia *kufanya*. Siwalaumu wale watafsiri; walikuwa na watu wa Unguja na wa Mombasa wa kuwapendeza wote, na *kufanya* ni neno lisilomkwaza mtu. Lakini tazama hasara iliyotupata. Neno lenye udongo mikononi limepewa mahali pasipo na udongo, na mahali penye udongo, penye mavumbi na pumzi, pamepewa neno kavu ambalo twalitumia hata kwa biashara. Msomaji wa Kiswahili haoni tena ya kwamba katika sura ya pili Mungu ameketi kama mfinyanzi.

Na ingefaa sana aone. Mwanamke wa Kimakonde afinyangapo chungu hatumii gurudumu. Hukizungusha kwa mkono, hukikwangua, hukilainisha kwa kijiwe, hukiacha kivulini siku nyingi kikauke taratibu, maana kikikimbizwa juani hupasuka. Ndipo aendapo kukichoma. Mtu akimwambia ya kuwa kwa sababu kazi imechukua siku nyingi basi si yeye aliyeifanya, atamwona mpumbavu. Haraka ni sifa ya mganga wa sokoni. Sijui tulitoa wapi mawazo ya kwamba Mungu afanyapo kazi kwa upole ametoweka, na afanyapo kwa ghafula ndipo yupo.

Lugha imetupa ushahidi mwingine bila sisi kuutaka. Wataalamu wasemapo ya kuwa jambo fulani latokea "kwa maumbile", wakikusudia kwamba hakuna haja ya kumtaja Mungu, wametumia neno lililozaliwa na *kuumba*. Mswahili hawezi kusema habari ya vitu vya asili pasipo kukiri, kwa ulimi tu, ya kuwa vimeumbwa. Sisemi ya kwamba sarufi ni hoja ya dini. Nasema tu kwamba wale waliolisema neno hili kwanza hawakuona ugomvi kati ya desturi ya viumbe na kazi ya Muumba.

Na katika sura ya kwanza yenyewe, msomaji aangalie ni nani anayeamriwa. Nchi yaamriwa kutoa mimea. Maji yaamriwa kujaa viumbe. Kisha nchi tena yaamriwa kutoa wanyama. Mungu huviamuru vitu alivyokwisha kuviumba vizae vingine. Hakuna mtu awezaye kusoma habari hiyo kwa makini akasema ya kuwa Maandiko yanakataza Mungu kufanya kazi kwa njia ya nchi na maji. Wengine husimama juu ya maneno "kwa jinsi yake", wakidai kwamba kila jinsi imefungiwa mpaka. Lakini *jinsi* ni neno tulilolipata kwa Waarabu, nasi tumelipanua hata limekuwa na maana ya namna, ya njia, na ya mume na mke. Na neno la Kiebrania lililo nyuma yake ni neno la mchungaji na mkulima atenganishaye kondoo na mbuzi, ngano na shayiri. Kulifanya liwe sheria ya elimu ya viumbe ni kulibebesha mzigo ambao mwandishi hakuufunga.

Waalimu wengine huniambia, "Haya ni mambo ya Wazungu, hayatuhusu sisi wa pwani hii." Si kweli. Hakuna nchi iliyo karibu na jambo hili kuliko yetu. Kilima cha Tendaguru, kaskazini-magharibi ya Lindi, katika nchi ya Wamwera, ndipo palipochimbwa na Wajeremani mwaka 1909 hata 1913 mifupa ya wanyama wakubwa walioishi yapata miaka milioni 150 iliyopita. Wachimbaji na wachukuzi walikuwa watu wa huku, chini ya msimamizi wao Boheti bin Amrani. Zaidi ya tani 200 zilibebwa kwa vichwa na mabega, mwendo wa siku kadhaa, hata bandari ya Lindi. Mmoja wa wanyama wale amesimamishwa katika nyumba ya makumbusho ya Berlin, na kimo chake chapita mita 13. Babu za wanafunzi wetu waliubeba ushahidi kichwani. Wajukuu waambiwa haupo.

Mwaka 1924 Waingereza nao walikuja kuchimba Tendaguru, na pamoja nao kijana mmoja, Louis Leakey. Huyu alizaliwa Kabete katika Kenya mwaka 1903, mtoto wa mmisionari Harry Leakey, aliyeshughulika na kutafsiri Maandiko katika Kikikuyu. Tarehe 17 Julai 1959, huko Olduvai, Mary Leakey mkewe aliona fuvu la kichwa la kiumbe aliyeishi yapata miaka milioni moja na robo tatu iliyopita; wakamwita Zinjanthropus, kwa jina la Zinj, ambalo Waarabu wa kale waliiita pwani yetu. Baadaye wataalamu walimwona kuwa ni tawi la pembeni, si mzee wetu. Nalitaja hili kwa sababu wahubiri hulitumia kusema, "Mwaona, wamekosea!" Wamekosea, nao wamejisahihisha mbele ya watu wote. Ingekuwa heri kama sisi tungefanya vivyo hivyo kwa mahubiri yetu ya zamani.

Tena taa. Gesi ya Ghuba ya Mnazi, iliyogunduliwa mwaka 1982, imewasha taa za Mtwara, na bomba lililokamilishwa mwaka 2015 limeipeleka hata Dar es Salaam. Waliotafuta gesi ile walitafuta kwa elimu ihesabuyo umri wa miamba kwa mamilioni ya miaka, wala hawakuwa na hesabu nyingine. Mtu aandikaye mahubiri usiku, akisema ya kuwa dunia ina miaka elfu sita, naye ameandika kwa mwanga wa gesi ile, angalau azime taa kwanza.

Juu ya samaki yule wa kale aitwaye silakanti, nimeulizwa mara nyingi, kwa kuwa wavuvi wa pwani ya Tanzania wamekuwa wakimnasa tangu mwaka 2003. Kabla ya 1938, alipopatikana mmoja huko Afrika Kusini, wataalamu walidhani ya kuwa jamii yake ilikwisha miaka milioni 66 iliyopita. Husemwa basi, "Hakubadilika, kwa hiyo hakuna kilichobadilika." Hoja hii ni dhaifu mara mbili. Samaki aliye baharini leo si yule yule aliye katika mawe. Wa kale walikuwa wa namna nyingi, na huyu ana tofauti zake. Tena, nyumba moja ikibaki kijijini kama ilivyojengwa na babu, si ushahidi kwamba kijiji kizima hakikujengwa upya.

Nisidhaniwe kwamba nayasema haya kwa kuwapendeza wa nje. Augustino, askofu wa Hippo katika Afrika ya kaskazini, alipoandika juu ya Mwanzo katika karne ya tano, alifundisha ya kwamba Mungu alitia katika ulimwengu asili za vitu kama mbegu, zitokeze kwa wakati wake. Naye aliwakemea Wakristo wanaosema upuuzi juu ya mbingu na nchi mbele ya wajuao, wakaifanya imani yote ichekwe. Frederick Temple, aliyekuwa baadaye Askofu Mkuu wa Canterbury, alihubiri Oxford mwaka 1884 kwamba mafundisho ya Darwin hayaiondoi imani, miaka 8 tu baada ya Steere kuwaongoza waliokombolewa utumwani hata Masasi. Papa Pius XII mwaka 1950 aliruhusu wataalamu wachunguze asili ya mwili wa mtu, akishika ya kuwa roho yaumbwa na Mungu mwenyewe. Na Yohane Paulo II mwaka 1996 alikiri kwamba mafundisho haya yamekuwa zaidi ya dhana. Darwin mwenyewe alimtaja Muumba katika toleo la pili la kitabu chake, 1860, ingawa baadaye alijuta kulitia neno lile. Basi tusimfanye mtakatifu wetu.

Hata hivyo liko jambo moja zito, nami sitaki kulipita kama alipitaye mtu deni lake njiani. Paulo awaandikia Warumi, sura ya tano, juu ya mtu mmoja ambaye kwa yeye dhambi na mauti viliingia. Ikiwa wanyama wa Tendaguru walikufa kabla ya mtu, je, mauti ilitoka wapi? Kwa wanyama naona jibu: Zaburi ya 104 yawahesabu simba waungurumao usiku kuwa waomba chakula kwa Mungu, wala haiwalaumu, mauti ya mnyama si mshahara wa dhambi. Paulo asema habari ya watu. Kwa Adamu mambo ni magumu zaidi, na Pius XII mwenyewe aliliona hilo. *Binadamu*, neno tulitumialo kila siku sisi na jirani zetu Waislamu, ni wana wa Adamu. Lugha yenyewe imeungama. Hukumu yangu ni hii: kwamba mtu ameanguka, twaijua pasipo mifupa, kila mtu kwa moyo wake, lakini jinsi watu wa kwanza walivyolipokea agizo na kulivunja, Mwanzo yatuambia kwa namna ya hadithi ya kweli, si kwa namna ya daftari la karani. Walio na hukumu nyingine waiandike. Ila waiandike kama watu waliokwisha kuona ugumu.

Wamakonde waijua namna hiyo ya kusimulia. Hadithi yao yasema ya kuwa hapo kale alikuwako mmoja asiyekuwa mtu bado, akikaa porini, asiyeoga wala kunyoa. Akachonga sanamu kwa mti, akaisimamisha. Usiku ikawa mwanamke. Wakashuka Ruvuma kuoga, akazaa mtoto amekufa. Wakahamia juu, akazaa tena amekufa. Wakapanda hata uwandani, ndipo mtoto akaishi. Wako wasomaji watakaoruka na kusema kwamba wazee walimjua Darwin. Hawakumjua, wala haifai kuwavika kanzu isiyo yao. Wala hadithi hii haimfundishi mtu kumjua Mungu. Lakini sijamwona mzee wa Newala aliyeitumia kama hesabu ya miaka, wala aliyeacha kuisadiki kwa kuwa hakuna aujuaye mti ule uliochongwa. Aisimulia ili vijana wajue kwa nini twakaa juu, penye shida ya maji, na si bondeni.

Kwa darasa, basi, mimi nimeacha kabisa neno *kugeuka*, na *mageuzi* pia, ambalo tangu miaka ya 1990 limekuwa neno la siasa. Nasema "kubadilika kwa vizazi". Mahali pa nyani nasema "wazee wa pamoja". Nikisoma Mwanzo sura ya pili na wanafunzi, nasoma kama ilivyoandikwa, kisha nawaambia kuwa neno la Kiebrania hapo ni la mfinyanzi, na kumwomba mmoja ambaye mama yake afinyanga atueleze kazi ile toka udongo hata moto. Binti yule wa kipaimara alipoeleza, alichukua kipindi kizima, na hakufika kwenye moto. Ningefurahi kama waalimu wa Mueda na Palma, na wa vijiji vya Ruvuma chini, wangetuandikia ni neno lipi litumiwalo na mama zao kwa kazi hiyo, na kama neno lilo hilo husemwa kwa Mungu.